Nzito na Nyepesi

Kwa siku tatu Mashavu, mhudumu wa duka la intaneti pale Kibiti, alikuwa akifungua kila ukurasa wa intaneti mara mbili. Kushoto aliufungua kwa kivinjari kilichokuja na kompyuta, ambacho wateja walikiita Nzito. Kulia, kwa kile kipya alicholeta mwenye duka, Bushiri, kutoka Dar es Salaam, nacho wakakiita Nyepesi. Kisha alijiegemeza kitini akivitazama vikigombea uzi mmoja wa simu, jenereta ikinguruma uani, hadi fikra zake zikaanza kuelea kama za mtu aliye baina ya kulala na kuamka.

Nyepesi ilimwaga maneno papo hapo, ila haikuleta picha. Mahali pa kila picha iliacha kisanduku kitupu. Nzito ilileta vyote, polepole mno, na mara nyingine iliganda katikati ya safari.

“Chagua kimoja,” Bushiri alikuwa amemwambia. “Mashine zimechoka, haziwezi kubeba vyote viwili. Ijumaa nataka nijue tunatumia kipi kila siku.”

Moyoni alikwisha kuchagua. Ilikuwa mwaka 2004, daraja la Rufiji halijatimiza mwaka, na kila aliyepita Kibiti alikuwa na haraka. Tangu Nyepesi ije, miezi minane nyuma, foleni ya walimu na wachuuzi wa korosho haikufika tena mlangoni.

Alhamisi asubuhi akaingia Mzee Fikirini, mkata boriti wa Kiongoroni. Kila mwezi alivuka mikoko kwa mashua, akadandia lori, kufuata barua ya bintiye wa pekee, Muzdalifa, aliyeolewa Muskati. Kurani aliisoma vizuri, lakini herufi za skuli zilimpita kando, kwa hiyo Mashavu ndiye aliyemsomea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kaandika?”

Mashavu akafungua Nyepesi. Barua ilikuwa fupi. “Anasema… ‘Baba, kama umeniondolea radhi zako, niambie.’”

“Radhi?” Mzee Fikirini alishika ukingo wa meza. “Nani kamwambia nimemnyima radhi? Soma tena.”

Alisoma tena, na safari hii hakuruka kitu. Chini kulikuwa na mstari mmoja: *Picha nyingine hii hapa. Zile saba hukuzitaja hata moja.*

Mistari ya namna hiyo aliifahamu. Kila mwezi ilikuwapo: *tazama picha, Baba*. Kila mwezi aliipita kimya, maana angemwonyesha nini, kisanduku kitupu? Alidhani anamwepusha mzee na masikitiko.

Akafungua Nzito.

Picha ilianza kushuka. Kwanza ukuta mweupe. Kisha ushungi wa kijani, kisha paji la uso. “Hilo la mama yake, Mungu amrehemu,” mzee alinong’ona. Macho yakafuata, yameinama yakitazama kitu ambacho bado hakijafika. Hapo ikaganda. Jogoo aliwika uani, na hakuna aliyetikisika. Baadaye mstari mmoja ukashuka, na mwingine. Mkono, kitambaa, ngumi ndogo kama ua la mkoko lililofumba, halafu uso wa kitoto kichanga kilicholala.

Mashavu akazifungua picha zilizotangulia, kuanzia ya karibuni kwenda ya mwanzo, na mbele ya macho yao miezi ikarudi nyuma: mtoto akaingia tena tumboni, tumbo likapungua mwezi hata mwezi, mpaka katika picha ya kwanza akabaki Muzdalifa peke yake, mwembamba, kiganja chake kikiwa juu ya tumbo bapa.

“Aliona haya kuyaandika,” mzee alisema hatimaye. “Yangesomwa na mtu mwingine.”

“Mzee, kosa ni langu. Maneno ya picha niliyaona. Niliyaruka.”

“Miezi yote minane?”

“Yote.”

Mashavu alitamani mzee amkaripie. Badala yake mzee aligeukia tena kioo, akasogeza kidole kilichochubuliwa na shoka karibu na ile ngumi ndogo, bila kuigusa.

Bushiri alichungulia mlangoni. “Dada Mashavu, wateja wanangoja huku nje. Umekwisha kuamua?”

“Nimeamua. Iondoe Nyepesi.”

“Na watu wote hawa?”

“Watangoja. Nitawaambia mwenyewe.”

Bushiri alitazama kioo, akatazama mgongo wa yule mzee, akaurudishia mlango.

“Andika,” alisema Mzee Fikirini. Mashavu akaweka vidole tayari. “Andika: Muzdalifa, leo nimekuona. Nimekuona tangu mwanzo.” Midomo yake ikajaribu maneno mengine, ikayaacha. “Radhi zangu unazo, hazijaondoka hata siku moja.”

“Nimeandika, mzee. Nipeleke?”

“Bado.” Akainama karibu na kioo, sauti ikashuka kama ya mtu aliye chumbani mwa mzazi aliyetoka kujifungua. “Muulize, mtoto usiku analala?”