Suruali ya Bwana Mikanda

Suruali ya Baba ilidondoka hadi vifundoni, na ukumbi mzima ukamtolea macho. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa safu ya mbele, nimeung'ata mtandio wangu, naye amesimama jukwaani na kaptura yake ya madoadoa, akisubiri kicheko kama mtu anayesubiri chenji dukani.

"Kata!" akasema mwongozaji. "Tunarudia."

Nikachukua sindano na uzi, nikakimbilia nyuma ya pazia.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu tangu usichana. Mchezo uliompa Baba jina la Bwana Mikanda ulikuwa hivi: anavaa mikanda mitatu, anajigamba kwamba hakuna suruali duniani iliyofungwa kama yake, kisha anainama kuaga na suruali inamwaibisha. Mikanda ilikuwa pambo tu. Suruali ilishikwa na bandi yangu, uzi mwepesi ambao aliukata kwa kidole gumba. Miaka na miaka watu walivunjika mbavu. Baadaye viti vikaanza kubaki vitupu, na mwenye ukumbi akawa haachi kutazama saa.

Ndipo akaja mwongozaji. Alitaka kutengeneza filamu ya vichekesho kuhusu msanii mkongwe aliyechuja. Baba alisikia "vichekesho", mengine yote yakampita. Wiki nzima alipiga mluzi bafuni.

Siku ya kupiga picha, Baba akiwa bado anapakwa poda, mwongozaji alitukusanya sisi watazamaji wa kukodiwa.

"Suruali ikidondoka, asicheke mtu. Hata tabasamu sitaki. Na mzee asiambiwe."

"Sasa kichekesho kiko wapi?" nikamuuliza.

"Hapohapo. Ninyi mkinuna, watakaotazama filamu ndio watakaocheka."

Nilirudi kitini kichwa kikinizunguka. Yaani Baba akishindwa ndiyo amefaulu? Nikimwambia, nitamharibia filamu, na filamu nyingine haikuwepo. Nisipomwambia, nitamvunja moyo. Sikujua nishike lipi niache lipi.

Wakarudia, kimya. Wakarudia tena. Safari hii Baba aliongeza madaha, akapepesuka, akainama mpaka kofia ikamwanguka. Watu kimya kama maji mtungini. Macho yake yakatambaa safu hadi safu yakitafuta japo jino moja, yakafika kwangu, nami nikatazama chini.

Nyuma ya pazia nilipiga magoti nikashona.

"Mwanangu, niambie ukweli. Nimechuja?"

Sindano ikanichoma. "Hujachuja, Baba. Wamekatazwa kucheka."

"Wote?"

"Wote."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Akaushika uzi, akaupima kwa kidole gumba. Sikuweza kujua kama ile ilikuwa hasira au nafuu. Kisha akasema, "Shona kwa uzi mnene. Isidondoke."

Akatoka. Akainama, suruali ikabaki. Akaivuta, ikagoma. Akavua mkanda mmoja, wa pili, wa tatu; suruali iko palepale. Akaanza kuibembeleza: "Shuka basi, mama. Watu wazima hawa, wana kazi zao." Mwanamke mmoja akaguna, jirani yake akaziba mdomo, na mara ukumbi wote ukaangua kicheko. Hata mpiga picha alitikisika. Mwongozaji alipiga kelele "Kata! Kata!" na hakuna aliyemsikia. Baba alisimama pale suruali imara kiunoni, machozi yakimtoka, nami nikapiga makofi hadi viganja vikawaka.

Filamu ilipoonyeshwa, kipande hicho hakikuwemo. Mwongozaji alikuwa amechagua kile cha kofia. Uso wa Baba ulijaa ukuta mzima, macho yakitambaa safu hadi safu, na watu sinemani walikuwa hoi, wakijipiga mapaja. Baba alikuwa kando yangu gizani. Niliogopa kumtazama.

"Wanamcheka yule mzee," akaninong'oneza, "au wananicheka mimi?"

"Sijui, Baba."

Kule ukutani bado alikuwa anasubiri. Kisha akanigusa kwa kiwiko.

"Na wewe mbona umenuna? Cheka, mwanangu. Leo hujakatazwa."

Nikacheka. Hadi leo sijui nilimcheka yupi.