Chambo cha Verna

Majira mawili ya baridi Profesa Joanna Halloran alikula mkate wa kukaanga jikoni kwa Mama Adele, Mkrii wa asili, kabila lililokuwapo nchini kabla ya Wazungu, akimsikiliza akisimulia shule ya masista walikopelekwa kwa nguvu watoto wa Kikrii, alikonyolewa nywele akiwa na miaka sita. Mama alisimulia yote isipokuwa habari za mdogo wake. Wakifika hapo aliinuka akaosha vikombe.

Kisha kitabu cha Joanna kikatoka. Aliyenyolewa sasa ni bibi yake Joanna, viboko kapigwa bibi yake Joanna, na Joanna mwenyewe, Mzungu, kageuka Mkrii tangu ukurasa wa kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kikikaribishwa chai.

"Kama alitaka bibi, si angeniomba tu," alisema Mama Adele.

Binti yake, Verna, hakucheka. Alilalamika chuoni kwa Joanna, akajibiwa kwamba ukoo wa mtu hauhojiwi, maana kumhoji aliyeumizwa ni kumuumiza tena. Loo! Kumbe anayewahi kulia ndiye mwenye msiba. Verna akameza nyongo, akampigia Joanna simu kwa sauti ya asali.

"Dada, kuna jambo Mama hakukwambia. Pale shuleni kulikuwa na katoto kakiitwa Mina. Kalitoroka, kakaganda kwenye theluji nyuma ya chumba cha kufulia."

Mina alikuwa mbwa wa Verna. Aligongwa na lori la maziwa.

Jumamosi mchana ukumbi mmoja mjini Saskatoon ulijaa, makoti yakivuja theluji sakafuni. Joanna alikuwa akijadiliana na Greg Pollock, mwandishi wa magazeti aliyekuwa akidai miaka yote kwamba habari za watoto waliofia shule zile zimetiwa chumvi. Verna alimkalisha mama yake mstari wa mbele. Alitaka ashuhudie.

Kama ilivyo desturi ya Wakrii, Joanna alianza kwa kutaja mama yake na bibi yake. Kisha akafika kwa rafiki wa bibi, Mina, akalia. Ukumbi mzima ukalia naye.

"Mina?" Mama Adele alinong'ona. "Si yule mbwa wetu?"

"Subiri, Mama."

Verna alikwenda kwenye kipaza sauti. "Mimi ni Verna, wa Adele, wa Philomène. Huyo Mina namjua." Akainua picha. Mbwa wa manjano, ulimi nje. "Profesa, bibi yako alimjulia wapi mbwa wangu? Alikufa mwaka juzi!"

Viti vya nyuma, walikokaa Wakrii, vililipuka kwa kicheko. "Mwulize na kuku wetu kama anawajua!" mtu alipaza sauti. Joanna alianza kukusanya karatasi zake. Verna alimtazama bila haraka, karatasi kwa karatasi. Ilikuwa tamu, asikudanganye mtu.

Ndipo Greg Pollock akasimama. Hakuwa na haraka yeye pia.

"Ahsante sana, dada. Miaka kumi nasema watoto hawa wanabuniwa, naitwa shetani. Leo umetuonyesha wanavyobuniwa." Upande wake wakapiga makofi. "Haya, yuko wapi wa kweli? Hata mmoja. Jina lake?"

Kicheko cha nyuma kilikatika. Verna hakuwa na jina la kutaja, kwa kuwa nyumbani kwao halikuwahi kutajwa.

Mama Adele aliinuka, akashika kiti cha mbele yake. Ukumbi huu haukuwa na vikombe vya kuosha.

"Mimi ni Adele, wa Philomène," alisema. "Mdogo wangu aliitwa Rose-Anne. Alikuwa na miaka mitano."

"Pole, mama," alisema Greg, kwa adabu kabisa. "Una picha yake?"

Mama Adele aliitazama ile picha ya mbwa, ambayo Verna alikuwa bado ameiinua.

"Hapana," alisema. "Yeye hakupigwa picha."