Vishimo vya Shangazi

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Lakini siku ile hata malaika angepandwa na mori.

Mashine yetu ya maabara haina makuu. Unapima kipande cha udongo kwenye mizani, unakitumbukiza kwenye bomba la kioo lenye chembe laini mno, bomba linazunguka, chembe zinakibana pande zote, halafu unapata namba: uzito wake kwa ukubwa wake, vishimo vyake vikiwemo. Inachotaka ni kipande kikavu, kisicho na vumbi na kisichonata. Nilimweleza Shangazi hivyo kwenye simu mara tatu.

Shangazi anafinyanga majiko. Hospitali ilikuwa tayari kuchukua majiko yake sitini kwa masharti mawili: namba isizidi moja, na cheti kifike kabla ya saa kumi jioni. Kisipofika, kazi anapewa mwingine.

Akaja amevaa gauni la harusini, akafungua leso. Vipande vitano, vinang'aa!

"Shangazi, umevipaka nini?"

"Nta ya mishumaa, mwanangu. Nimeziba vile vishimo. Kawaida naziba kwa tope, ila wewe umesema kikavu. Ningeletaje ofisini vitu vimetobokatoboka, wanione fundi babaishaji?"

Nilijaribu kimoja. Kikatoka kimegandwa na chembe mwili mzima, na namba ni moja nukta mbili.

"Umeniua, Shangazi!" nilipiga kelele mpaka bosi akachungulia.

Vinne vilivyobaki nikavitia kwenye tanuri, nta iungue. Moshi ukatanda. Bosi akakohoa, akauliza nani anachoma mishumaa kazini. Nikamjibu ni maandalizi ya sampuli, na wala sikudanganya. Shangazi alikuwa kwenye stuli, ameshika tama, macho kwenye saa ya ukutani.

Saa tisa na nusu vilikuwa vimepoa. Nikavipiga brashi, nikavipima. Sifuri nukta nane, vyote vinne.

"Umepita!" Nilimrukia kwa furaha.

Yeye hata hakutabasamu. "Nimepita na vishimo vyangu?"

"Vishimo ndivyo vilivyokupitisha! Lile vumbi la mbao unalochanganya na udongo linaungua, linaacha vishimo, jiko linakuwa jepesi na linatunza moto. Hicho ndicho wanachokitaka."

Aliokota kipande kimoja, akapitisha kidole kwenye vishimo.

"Kumbe," akasema. "Miaka kumi na mbili naziba kwa kidole, jiko moja moja, mgongo unakatika, nikiona aibu watu wasivione. Na wewe umekaa kwangu miaka sita, unasomea mambo hayahaya."

"Shangazi, mimi nilikuwa..."

"Ulikuwa unanishikia bakuli la tope."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Nikachukua cheti, nikakimbia kwa bosi akitie sahihi.