Mchele Uliokunywa Simu

Simu ya Bi Rasinih ilimchomoka kibindoni asubuhi, akiwa ameinama kupandikiza mpunga, ikazama topeni. Aliiopoa, akaipangusa kwa upindo wa nguo, akakimbia nayo nyumbani na kuifukia ndani ya pipa la mchele, kama wafanyavyo wenzake wote wa wilaya ya Indramayu, Indonesia. Binti yake Casmi, mtumishi wa ndani huko ughaibuni, hakuwa na njia nyingine ya kumfikia.

"Usiiwashe, dada," alisema jirani yake, Taswi. "Mchele ni mlevi, hauachi tone. Uache unywe."

Mchele ukanywa, haukuwa na hiyana. Jioni Rasinih akachota wa kupika. Tonge la kwanza lilisema kwa sauti ya Casmi: "Mama, wamenifungia mlango." La pili likasema: "Mkono umeungua na pasi. Usimwambie baba." Zilikuwa salamu za sauti ambazo Casmi alizituma akazifuta kabla hazijasikilizwa, kisha akatuma ile ya kila siku, kwamba yuko salama. Rasinih alitafuna polepole, asije akamuumiza.

Kesho yake alipika mchele wote uliobaki, majirani wakaja na sahani zao. Wakala Darsim, aliyempeleka Casmi kazini, naye akaja. Kila tonge likasema. Walikula wameinamisha vichwa, wakisikiliza, na machozi ya Taswi yalidondokea sahanini. Kwao mtoto hufundishwa mapema kwamba wali ukiachwa hulia, kwa hiyo hakuna aliyebakiza punje.

Sahani ya Darsim ilisema: "Mama, nataka kurudi, ila pasipoti wanayo wao." Darsim aliomba pilipili, akamaliza, akalamba vidole.

"Wali mtamu, Mama Casmi," alisema akinawa. Kisha akamgeukia Taswi. "Na bintiyo je, dada? Makaratasi yake tayari. Aende lini?"

Taswi aliwaza paa lake linavyovuja. Akasema Jumatatu.

Watu walipoondoka, Rasinih aliiwasha simu. Ilikuwa kavu, nzima kabisa. Haikuchukua muda ikaita.

"Niko salama, mama," alisema Casmi. "Umekula?"

Rasinih alilitazama pipa tupu.

"Nimekula, mwanangu," alisema. "Nimekula wote."