Wale Wachache

Katika kliniki nzima ya macho, yeye ndiye muuguzi aliyekuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Mgonjwa akiuogopa upasuaji, daktari humwita yeye. Ndivyo alivyomshawishi hata baba yake.

Baba alikuwa kinyozi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa kwa presha ya ndani ya jicho iliyopanda kimyakimya. La kulia ndilo lililobaki kuuongoza wembe.

"Kinyozi hajinyoi," alitania asubuhi ya upasuaji. "Leo nimekuja kunyolewa kwa binti yangu." Wodi nzima ikacheka.

Daktari alifungua kijia chembamba ili maji yaliyozidi jichoni yapate pa kutokea. Yakatoka kupita kiasi. Presha ikaporomoka, jicho likalegea kama mpira uliopungua upepo, na utando wa nyuma unaopokea mwanga ukajikunja. Wakamrudisha chumba cha upasuaji, wakakibana kile kijia. Presha ilipanda mpaka mahali pake. Kuona hakukurudi.

Daktari huyohuyo alikuwa akifanya utafiti: watu ambao presha ya jicho hushuka mno baada ya upasuaji, ni mara ngapi huishia kupoteza kuona? Aliwaita wote waliopatwa na hali hiyo wapimwe upya, na kazi ya kuwapima ikamwangukia binti. Mama mmoja muuza vitambaa alizisoma herufi za ukutani hadi mstari wa mwisho, akamkumbatia. Binti alicheka naye, kisha akaingia stoo ya dawa, akalia.

Zamu ya baba ikafika. Herufi hakuziona hata ile kubwa ya juu, basi binti akamwinulia vidole.

"Vingapi, baba?"

"Sogea, mama."

Akasogea hadi vidole vikakaribia kugusa kope.

"Nasikia harufu ya sabuni ya mikono yako," baba alisema taratibu. "Vidole sivioni."

Daktari, aliyekuwa amesimama kando, alijikohoza. "Mzee, kwa jumla matokeo yanatia moyo. Wengi wameona tena. Ni wachache sana wanaopoteza kuona moja kwa moja."

"Nawafurahia hao wengi," baba akasema. "Na wachache mnawaambiaje?"

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Njiani binti alimshika baba mkono. "Mimi ndiye niliyekusukuma."

"Ungeniacha, presha ingelila hilo jicho polepole."

"Polepole, baba. Leo ungekuwa bado unaona."

Ilikuwa kweli, na wote wawili waliijua.

Aliomba wapitie kibandani kwake. Binti alifungua kufuli, baba akaingia akipapasa, akaipanga mikasi kwa ukubwa, akakung'uta taulo, akalitupia begani. Mara mteja wa miaka mingi, aliyekuwa hana habari, akaingia na kujitupa kitini.

"Afadhali umerudi, Fundi. Nipunguzie tu pembeni, kama kawaida."

Baba alisimama nyuma yake, akamwekea viganja kichwani. Vidole vilipita polepole juu ya masikio, vikashuka hadi kisogoni, vikatulia hapo. Kwenye kioo, binti aliuona uso wa baba yake ukivunjika.

"Leo tumefunga, ndugu yangu," baba alisema.

Mteja alimtazama kiooni, akaelewa, akatoka bila kuuliza. Baba alikizunguka kiti, akakikalia yeye mwenyewe, taulo lingali begani. Binti aliurudisha mlango, akaketi kwenye benchi la wateja. Wakalia, kila mmoja mahali pake.