Kikombe cha Kwanza

Meza ile aliitengeneza marehemu mume wangu, Paulo, akasema italisha watu kumi. Sasa kila Jumapili tukitoka kanisani inalisha majeshi. Binti yangu Costancia anatandika juu yake ubao mpana wa plaiwudi, anapanga vilima alivyokata kwenye ndala zilizoisha, halafu wenzake wanamimina askari wao. Ni vidude vya urefu wa kidole gumba, kila kimoja kimegandishwa juu ya kizibo cha soda na kupakwa rangi ya kucha. Wanapima hatua kwa futi ya fundi, wanarusha dadu, wanabishana. Mwanzoni zile dadu zilinikosesha raha, nikaenda kwa mchungaji. Akauliza kama wanachezea pesa. Nikasema hapana. Akasema, "Basi wape chai."

Timu ni watu wanne. Costancia ndiye kapteni. Siku za kazi anauza duka la dawa hapa Kilosa. Yared anatengeneza simu, na mdomo wake haujui kupumzika. Dotto analima mpunga Masanze, Msukuma mrefu, mpole, anayeinama mlangoni kwangu hata pasipo lazima. Wa nne ni shemeji yangu Melkizedek, kaka mkubwa wa Paulo, mstaafu wa reli. Yeye ndiye aliyewafundisha wote watatu. Jeshi lake lote ni la farasi, na amewachonga mwenyewe kwa kisu.

Mashindano ya timu yalikuwa yafanyike Morogoro, mwisho wa mwezi, na shemeji alikuwa anapigwa kila mchezo. Kila meza ina pointi ishirini, wachezaji wawili wanagawana kadiri walivyopigana. Wenzake walikuwa wanaleta kumi, kumi na mbili. Yeye analeta mbili. Siku akijitahidi, tatu.

Alhamisi Costancia alinifuata jikoni, akashika mwiko wangu, akakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Mama, keshokutwa tunakwenda Mikumi kupimana na timu ya kule. Baba mkubwa akipata chini ya saba, Morogoro tunamchukua mwalimu Oswald badala yake."

"Umemwambia?"

"Mimi? Nitaanzia wapi? Wewe ndiye shemeji yake. Mwandae, Mama. Nakuomba."

Tangu hapo sikutulia. Ijumaa asubuhi nilifua nguo zilizokuwa safi. Nikaenda kwake, nikamkuta barazani anamgundishia farasi mguu, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Una neno?"

"Nilikuwa napita."

"Unapita kwenda wapi? Njia inaishia hapa kwangu."

Nikarudi na neno langu. Njiani niliomba. Sikumwomba Mungu washinde, maana sidhani ana timu. Nilimwomba anifungue mdomo, au anifunge kabisa, nijue moja.

Jioni wakaja kufanya zoezi la kupangana. Nilikaa pembeni nachambua mchele, na kwa kuwa mikono haikutulia, macho ndiyo yalitulia. Nikaelewa jambo ambalo sikuwahi kulijali. Kabla ya kucheza, kila kapteni anaandika jina la mtu wake mmoja na kulifunika kwa kikombe. Vikombe ni vyangu, vile vya maua. Vinafunuliwa pamoja. Aliyefunuliwa, timu ya upande wa pili inamletea wawili wao, naye anachagua mmoja wa kupigana naye. Kwa maneno mengine, huyo wa kwanza amewekwa uwanjani, adui anamwangalia vizuri, anamtafutia wawili wanaomweza. Wa mwisho kabisa anakutana tu na wa mwisho wa upande wa pili. Huyo hakuna aliyemtafutia dawa.

Walirudia zoezi mara tano. Yared alijifanya ndiye kapteni wa Mikumi. Mara tano walifunua kikombe cha Costancia, na mara tano ndani mlikuwa na karatasi ya Melkizedek.

Hawakuliona. Nilijua kwa nini, kwa sababu hata mimi nisingeliona kama nisingekuwa mpakuaji wa chakula. Mkono uliofundishwa kumpa mzee sahani ya kwanza, ukiambiwa toa jina, unatoa la mzee.

Nikasema nitakwenda Mikumi nao, nikawapikie. Yared akafurahi. "Mama Costa akienda, hata tukipigwa tutarudi tumeshiba."

Jumamosi tuliondoka mapema kwa gari la binamu yake Yared, Noah. Shemeji alikaa mbele, sanduku la farasi magotini. Nyuma nilimsogelea binti yangu sikioni.

"Mbona baba yako mkubwa unamtoa kwanza kila mara?"

"Simtoi kila mara."

"Jana mara tano."

Akahesabu kwa vidole. "Sasa, Mama, nimweke nyuma ya Yared? Mzee?"

"Farasi wake wanaweza kusimama wakisubiri kupigwa?"

Tukapita kijiji cha Ulaya. Halafu akasema polepole, "Farasi hawasimami. Farasi wanakimbia." Akaanza kula kucha, nami nikaanza kutetemesha goti. Tulifika Mikumi hivyo, mmoja anakula kucha, mwingine anatetemesha goti.

Timu ya Mikumi ilitusubiri kwenye ukumbi wa kanisa, karibu na barabara kuu; kila lori la Zambia likipita, askari wadogo walicheza mezani. Kapteni wao ni Jovin, kijana mnene mcheshi. Alimwamkia shemeji kwa heshima, mikono miwili, kisha akawageukia vijana.

"Kilosa, mzee wetu tumeshamwandalia. Wawili wamelala na jina lake."

"Mlale na njaa pia," Yared akajibu.

Costancia aliandika, akafunika. Nikaona mkono wake umebaki juu ya kikombe. Wakafunua. Jovin aliinama asome, akasoma tena.

"Yared?"

"Yared?" alisema Yared mwenyewe. "Kwa nini mimi?"

Jovin hakucheka tena. Alirudi kwa wenzake wakaanza kunong'onezana, maana wale wawili waliolala na jina la mzee sasa hawakuwa na kazi. Lakini mimi sikuwa naangalia huko. Shemeji alikuwa amefunga sanduku lake.

"Costancia," alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha kushika dadu. Leo umeniweka nyuma ya watoto, mbele ya wageni. Kwa hiyo mimi ni wa kula ukoko?"

"Baba mkubwa, si hivyo..."

"Ni hivyo. Nimeona." Akaanza kwenda mlangoni.

Binti yangu aliniangalia. Dotto aliangalia viatu vyake. Ukumbi mzima ulikuwa unasubiri, na pale ndipo mdomo wangu ulipofunguka, na haukuwa na sukari.

"Shemeji, simama. Juzi nilitumwa nikwambie kwamba ukipata chini ya saba leo, Morogoro huendi. Nilikuja kwako nikasema napita."

Alisimama. Hakugeuka.

"Wamekuwa wakikutoa kwanza kwa heshima," nikasema. "Na heshima hiyo ndiyo inayokupiga. Kila timu inajua utatangulia. Mimi ndiye niliyesema ukae mwisho. Kama ni kukasirika, nikasirikie mimi, lakini ukiwa umekaa mezani."

Lori likapita. Alisubiri lipite.

"Nilijua natangulia," alisema. "Nilidhani mmekubaliana nipigwe mimi ili nyinyi mpone. Nikasema sawa, ndiyo kazi ya mkubwa."

"Hakuna aliyekubaliana, baba mkubwa," Costancia akasema. "Ni mkono tu, umezoea."

Akarudi mezani. Hakusema amesamehe. Alipanga farasi wake mmoja mmoja, kila mmoja akimpuliza vumbi, na kwa jinsi alivyochelewa mwenzake wa Mikumi akaanza kugonga vidole.

Saa tatu zilizofuata sitaki kuzirudia. Niliinjika wali uani, nikarudi ukumbini, nikatoka, nikarudi. Yared alikuwa anapigwa na kulalamika. Dotto alikuwa anashinda na kuomba radhi kila akiua askari. Kwenye meza ya mwisho farasi walikuwa wanakimbia kweli. Mara wako kulia, mara wamezunguka kilima cha ndala, na yule wa Mikumi anapima, anapima tena, hajui awakabili wapi. Lakini kuelekea mwisho dadu zilimkatalia shemeji mara tatu mfululizo, nikaona farasi wanalazwa pembeni ya ubao, wengi. Nikatoka tena. Wali ulikuwa unaanza kushika chini.

Costancia ndiye aliyekuja kuniita. Alikuwa na karatasi, akasoma kwa haraka kama anayeogopa itafutika. Yared nane. Yeye kumi na tatu. Dotto kumi na mbili.

"Na baba yako mkubwa?"

"Tisa."

Jumla arobaini na mbili kwa thelathini na nane za Mikumi. Amepigwa, lakini tisa. Nilikaa juu ya ndoo.

Jovin alikuja kutupongeza. "Mama, wewe ndiye kapteni wao wa siri?"

"Mimi ni mpishi," nikamjibu.

Tulipokaa kula, Costancia alitoa fomu ya Morogoro akaandika majina manne. Shemeji aliomba aione. Alishusha miwani, akalitafuta jina lake, akalikuta la nne, mwisho kabisa. Akamrudishia fomu.

Nikapakua. Sijui ni kwa kuchanganyikiwa au kwa kutaka kumfariji, sahani ya kwanza niliipeleka kwa Yared, aliyepigwa kwa niaba ya wenzake. Mkono wa shemeji uliikuta njiani.

"Shemeji," alisema, akiivuta kwake. "Huko kwenye vikombe fanyeni mnavyotaka. Hapa msiguse."

Akala.