Mtu wa Kichwani mwa Nyanchera

Jumanne moja ya mwaka 1969, kule Nyacheki, Nyanchera alifikisha kikapu chake kwenye kituo cha kununulia majani ya chai kikiwa kimejaa majani magumu. Machipukizi alikuwa ameyaacha shambani. Karani alikimwaga kikapu chini, akamwambia arudi nyumbani. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Siku hizo alisahau chumvi, alisahau kuoga, na mara nyingine alilala ameuelekea ukuta mpaka ng'ombe wakalia kwa kiu. Mumewe, Okemwa, alimtibu kwa mpini wa jembe. Hakuwa na bidii hiyo katika kazi nyingine yoyote.

Mama yake Nyanchera alikufa akiwa vivyo hivyo, na bibi yake pia. Yeye hakujihurumia sana. Aliyemtia hofu ni binti yake Bochaberi, wa miaka minane, wa kwanza darasani. Kwa ajili ya mtoto huyo alikubali kupasuliwa kichwa.

Mzee Onchiri, aliyekuwa akipasua vichwa vya watu tangu ujana wake, alimlaza juani juu ya majani ya mgomba. Mashemeji wawili wakamkalia mikono. Onchiri alichana ngozi kwa wembe, akaukwangua mfupa kwa kisu kilichopinda, taratibu, damu ikitiririka masikioni. Nyanchera aling'ata kijiti mpaka kikakatika, akapewa kingine. Mfupa ulipotoboka, mzee alichungulia.

"Yumo," alisema.

Ndani alikuwamo mwanamume mwenye kimo cha kidole, rungu mkononi, ameyakalia maneno ya Nyanchera.

"Huyu namjua, mwanangu," mzee alimwambia Nyanchera. " Nilimwona kichwani mwa mama yako, akanitoroka. Mtu akiogopa, mwili hutoa maji machungu. Huyu huyanywa. Mlango ukibamizwa tu, anaamka na kuanza kupiga."

Alimtoa kwa koleo dogo. Yule mtu alimpiga mzee rungu kwenye kidole gumba, ukucha ukang'oka.

"Mchome moto, baba," Nyanchera alisema. "Nakuomba. Asimfikie mtoto wangu."

Wazee wa ukoo waliokuwa wakitazama walishauriana kidogo. Suala lenyewe halikuwa gumu. Mke aliyetolewa ng'ombe ni wa mumewe, na kilichomo kichwani mwake kadhalika.

"Ng'ombe wangu hawakutoka bure," Okemwa alisema, akamtia yule mtu mfukoni mwa shati. "Halafu amefanana na watu wa kwetu."

Jeraha lilipakwa samli, likapona. Baada ya wiki chache Nyanchera alichuma machipukizi matupu, na kumbukumbu zote zikamrudia, kila pigo na siku yake. Ijumaa alasiri, nguo za Sabato zikiwa zimeanikwa, alimtajia Okemwa mapigo hayo, moja baada ya jingine, bila kupaza sauti. Okemwa akaubamiza mlango, akachukua mpini. Alimvunja mkono na meno mawili. Ulikuwa unyama mtupu, na majirani walisikia, wakaendelea kupalilia. Katika purukushani hiyo yule mtu alianguka kutoka mfukoni, akavuka sakafu bila haraka mpaka chini ya kitanda, alikojificha Bochaberi akitetemeka, akamwingia sikioni. Nyanchera alimwona. Alinyoosha mkono wake mzima, haukumfikia.

Jumatatu, Mwalimu Obadiah alimwita Bochaberi asome ubaoni. Msichana aliyatazama maandishi kwa muda mrefu, kisha akauelekea ukuta wa pembeni. Mwalimu alimchapa viboko vinne kwa kiburi chake, kisha akamwita mwingine.